Aniceti Kitereza na Nyumba Isiyo na Mtoto

Mwaka 1945, katika kisiwa cha Ukerewe, katekista Aniceti Kitereza alikamilisha riwaya ndefu kwa lugha yake ya Kikerewe. Sisi waamini wa Geita na Shinyanga, majirani wa kisiwa hicho, wengi wetu tumelisikia jina lake bila kukifungua kitabu chake. Ni hasara, kwa maana aliyoyaandika yamo nyumbani mwetu.

Kitereza alizaliwa mwaka 1896. Alisoma katika misheni ya Kagunguli, kisha akapelekwa Seminari ya Rubya, upande wa Bukoba, alikojifunza Kilatini na lugha nyingine. Hakufikia upadre. Mwaka 1919 alifunga ndoa na Anna. Nyumba yao ilibaki bila mtoto, wala Kitereza hakuoa mke wa pili. Aliyekulia Usukumani hahitaji kuelezwa jinsi uamuzi huo ulivyo mzito mbele ya ukoo.

Riwaya yake inawahusu Myombekere na mkewe Bugonoka, walioishi Ukerewe kabla ya kuja kwa wakoloni. Ndugu wa mume wanamsimanga Bugonoka kwa kutokuwa na mtoto, hata wazazi wake wanakuja kumchukua. Ndugu wanategemea Myombekere atafute mke mwingine. Yeye anafunga safari kwenda ukweni kumwomba mkewe, na wakwe wanamtoza faini ya pombe ya ndizi. Kurasa nyingi zinasimulia jinsi pombe hiyo inavyotengenezwa: ndizi kuivishwa, kukamuliwa, marafiki kuja kusaidia.

Msomaji wa Shinyanga, aliyezoea mtama na ng'ombe, huenda akajiona mgeni kabisa katika migomba na mitumbwi hiyo. Lakini akifika kwenye masimango ya ndugu wa mume, ugeni unakwisha. Maneno hayo ameyasikia kwa shangazi zake. Pengine ameyasema mwenyewe. Katika vijiji vya machimbo ya Geita nako, kijana akirudi na fedha ya dhahabu, wapo wazee wanaomnong'oneza kwamba sasa anao uwezo wa kuoa atakayemzalia. Myombekere anajua kunong'onezwa huko, naye anabeba pombe kwenda ukweni.

Tunapenda pia kwamba Kitereza, ingawa alikuwa mtu wa misheni, hakuwageuza wahenga wake kuwa Wakristo. Wahusika wake wanakwenda kwa mganga wa jadi, na hatimaye Bugonoka anajifungua mwana, Ntulanalwo, kisha binti, Bulihwali. Mwandishi aliwapa watu wake wa kubuni kile ambacho yeye na Anna hawakukipata.

Padre Almas Simard, mmisionari kutoka Kanada, alimtia moyo katika kazi hiyo, ila muswada ulikaa miaka mingi bila mchapishaji, kwa kuwa wasomaji wa Kikerewe ni wachache. Mwishoni mwa miaka ya 1960 watafiti wawili Wamarekani, Gerald Hartwig na mkewe Charlotte, walimkuta Ukerewe na kumhimiza. Mzee Kitereza akakaa chini, akaifasiri riwaya yote kwa Kiswahili kwa mkono wake mwenyewe. Tanzania Publishing House ikaichapisha mwaka 1980 katika vitabu viwili, kwa majina ya wazazi na ya watoto wao. Kitereza alifariki mwaka 1981, kabla nakala hazijamfikia kisiwani.