Padre Mendel na Njegere Zake

Mwaka huu katika elimu ya viumbe tumefundishwa habari za urithi, nami nimependa kuwasimulia maisha ya mtu aliyeifungua njia hiyo, maana wengi wetu twalijua jina lake tu.

Johann Mendel alizaliwa mwaka 1822 katika kijiji cha Heinzendorf, zamani chini ya milki ya Austria, sasa ni nchi ya Cheki. Baba yake alikuwa mkulima. Mwaka 1838 gogo lilimwumiza mzee huyo vibaya, na fedha za shule zikawa shida. Umbu lake mdogo, Theresia, akatoa sehemu ya mali aliyowekewa kwa ajili ya ndoa yake ili kaka yake asome.

Mwaka 1843 aliingia utawani mjini Brno, akapewa jina la Gregor. Mwaka 1847 akapata upadre. Mwaka 1850 akafanya mtihani wa ualimu, akashindwa. Wakubwa wake wakampeleka Chuo Kikuu cha Vienna, akarudia mtihani mwaka 1856, na mara hiyo pia hakufaulu. Basi akafundisha miaka mingi bila cheti, na mwaka ule ule wa 1856 akaanza kazi yake ya njegere katika bustani ya watawa.

Alichukua njegere za mbegu za manjano, akazichanganya na za kijani kwa kupaka chavua ya ua moja katika ua jingine. Watoto wote wakatoka manjano. Je, kijani kimepotea? Akazipanda tena, akahesabu mbegu 8,023: za manjano 6,022, za kijani 2,001. Yaani tatu kwa moja. Mendel akafahamu kwamba kila mmea hupokea sifa mbili, moja kwa kila mzazi, na kijani kilikuwa kimejificha tu chini ya manjano. Sifa mbili zilizojificha zikikutana, hutokea nje.

Somo hilo lilinikumbusha mama mmoja wa kijijini kwetu. Yeye na mumewe ni weusi, wakapata mtoto mwenye ualbino. Wakwe wakasema amezini, akarudishwa kwao na mtoto mgongoni. Kumbe ualbino nao hurithiwa vivi hivi: baba na mama wenye sifa hiyo iliyojificha, kila mtoto wao ana nafasi moja katika nne ya kuzaliwa nao. Mume aliyemfukuza alikuwa ametoa nusu yake.

Mwaka 1865 Mendel aliwasomea wataalamu wa Brno kazi yake, nayo ikapigwa chapa mwaka 1866. Wachache waliisoma, wala hawakuona uzito wake. Mwaka 1868 alichaguliwa kuwa mkuu wa watawa, na baadaye miaka yake mingi ililiwa na ugomvi na serikali juu ya kodi. Theresia hakumsahau: aliwasaidia wanawe katika masomo, na wawili wakawa madaktari.

Alifariki tarehe 6 Januari 1884. Mwaka 1900 Hugo de Vries, Carl Correns na Erich von Tschermak, kila mmoja kwao, walitangaza matokeo ya namna hiyo. Na walipopekua maandishi ya zamani, wakakuta padre wa Brno amekwisha kuyaandika miaka 34 nyuma.