Mildred Gillars: sauti iliyohukumiwa

Mildred Gillars alizaliwa mwaka 1900 mjini Portland, jimbo la Maine, Marekani. Alisomea maigizo katika Chuo Kikuu cha Ohio Wesleyan, akaondoka bila shahada. Jukwaani New York aliambulia nafasi ndogo ndogo tu. Mwaka 1934 alihamia Ujerumani, akafundisha Kiingereza mjini Berlin.

Mwaka 1940 redio ya serikali ya Wanazi ilimwajiri. Vita vilipopamba moto, alipiga muziki huku akiwatia askari wa Marekani wasiwasi juu ya wake zao waliobaki nyumbani. Wao wakambandika jina Axis Sally. Tarehe 11 Mei 1944, majuma machache kabla ya majeshi kutua Normandie, aliigiza redioni mama wa Ohio anayeota mwanawe akifa baharini.

Mwaka 1949 kesi yake ya uhaini ilisikilizwa Washington. Wakili wake alidai kwamba maneno matupu si uhaini, mahakama haikukubali. Kati ya mashtaka yote, lililomtia hatiani lilikuwa moja: mchezo ule.

Alitoka gerezani mwaka 1961, akafundisha Kijerumani na Kifaransa katika shule ya watawa mjini Columbus. Mwaka 1973 Ohio Wesleyan ilimpa shahada aliyoiacha. Alifariki mwaka 1988. Anayesomea lugha asimsahau: neno likishatoka hewani, huhesabiwa tendo.