Frederick Cook: daktari aliyepiga picha katika usiku wa Ncha ya Kusini, kisha picha ikamharibia jina

LUBUMBASHI – Kuna picha ya mwaka 1898 inayoonyesha meli ya Wabelgiji iliyokwama katikati ya barafu usiku. Mbingu ni nyeusi kabisa. Milingoti na kamba za meli, zilizofunikwa na baridi kali, zinaonekana nyeupe. Aliyeipiga ni Frederick Cook, daktari Mmarekani, na taa yake ilikuwa mwezi peke yake. Ilimbidi aache jicho la kamera wazi kwa zaidi ya saa moja ili mwanga huo mdogo uingie.

Miaka minane baadaye, mtu huyohuyo alipiga picha nyingine mlimani, nayo ikamfanya aitwe mwongo duniani kote. Maisha ya Cook yako kati ya picha hizo mbili.

Meli iliyotoka Anvers

Meli hiyo iliitwa Belgica. Iling’oa nanga katika bandari ya Anvers tarehe 16 mwezi wa nane 1897, chini ya uongozi wa Adrien de Gerlache, afisa wa majini wa Ubelgiji. Wakongo wanaujua mwaka huo kwa sababu nyingine. Ni katika miezi hiyohiyo Mfalme Leopold wa Pili alipowapeleka Wakongo 267 Tervuren, karibu na Brussels, ili Wabelgiji waje kuwatazama katika vijiji vya maonyesho. Saba kati yao walikufa huko, na makaburi yao yako hadi leo kando ya kanisa la Tervuren.

Ubelgiji ya wakati huo ilitaka kujulikana kila pembe ya dunia. Wakati Belgica ikielekea kusini, msafara mwingine wa kisayansi ulikuwa unaandaliwa kuja Katanga. Uliongozwa na Charles Lemaire na ulifanya kazi kuanzia 1898 hadi 1900, ukipima nyota, urefu wa milima na nguvu ya sumaku ya dunia. Nguvu hiyo ya sumaku, ambayo mtu haioni kwa macho, ndiyo inayoamua mianga ya kusini itaonekana wapi.

Mtoto wa maskini

Cook alizaliwa tarehe 10 mwezi wa sita 1865 katika jimbo la New York. Wazazi wake walikuwa wametoka Ujerumani. Baba yake, ambaye naye alikuwa daktari, alikufa Frederick akiwa bado mtoto mdogo, na familia ikabaki katika shida. Kijana huyo alilipa masomo yake ya udaktari kwa kugawa maziwa nyumba kwa nyumba huko Brooklyn. Alimaliza mwaka 1890. Mwaka huohuo mke wake alifariki baada ya kujifungua, na mtoto pia hakupona.

Mwaka uliofuata Cook alikwenda Greenland kama daktari wa msafara wa Robert Peary. Huko alikaa na Wainuit, wenyeji wa nchi za barafu, akajifunza kwao mavazi, usafiri na chakula. Aliona kwamba wao hula nyama mbichi ya wanyama wa baharini na hawapati kiseyeye, ugonjwa uliokuwa unawaua mabaharia wa Ulaya. Somo hilo lingekuja kuokoa maisha ya watu.

Daktari wa Belgica alipojitoa dakika za mwisho, Cook alikubali kazi hiyo. Alipanda meli Rio de Janeiro, Brazil, akiwa daktari na mpiga picha wa msafara.

Usiku wa zaidi ya siku 60

Mwanzoni mwa mwezi wa tatu 1898, barafu iliifunga Belgica. Hakuna binadamu aliyekuwa amewahi kukaa kipindi chote cha baridi kusini kiasi hicho. Kuanzia katikati ya mwezi wa tano, jua lilitoweka na halikurudi hadi karibu na mwisho wa mwezi wa saba.

Kabla ya giza hilo kuwa kamili, mianga ya kusini ilikuwa imeanza kuonekana: pazia na pinde za mwanga zinazotembea angani, zikiwaka na kufifia. Cook alivutiwa nayo kiasi cha kwenda kulala nje juu ya barafu, ndani ya mfuko wa kulalia, ili aitazame vizuri.

Kuipiga picha kulikuwa jambo lingine. Kamera za siku hizo zilitumia mabamba ya vioo yaliyopakwa dawa, na dawa hiyo ilihitaji mwanga mwingi. Meli iliyokwama haisogei, ndiyo maana mwezi ulitosha. Lakini mianga ya angani haisimami. Ukiacha kamera wazi kwa muda mrefu, kila umbo linafuta lile lililotangulia. Mjerumani Martin Brendel alikuwa ameweza kupata picha ya mianga ya kaskazini huko Norway mwaka 1892, nayo haikuwa safi. Katika Belgica, kazi kubwa ya kuhifadhi mianga ya kusini ilifanywa kwa kalamu. Mwanasayansi Henryk Arctowski, aliyezaliwa Poland, aliandika na kuchora alichokiona, na mwaka 1901 akachapisha matokeo yake.

Leo inafahamika kwamba mianga hiyo husababishwa na chembe zinazotoka kwenye jua. Sumaku ya dunia huzivuta na kuzielekeza kwenye duara kuzunguka kila ncha. Zikigonga hewa ya oksijeni na naitrojeni, kilometa 100 au zaidi juu ya ardhi, hewa hiyo inawaka kijani, nyekundu au zambarau. Lubumbashi iko mbali mno na duara hilo. Jua likichafuka sana, duara hupanuka: usiku wa tarehe 10 mwezi wa tano 2024, watu walipiga picha za mianga hiyo hata Afrika Kusini.

Nyama ya pengwini

Katika giza la 1898, hatari kubwa ilikuwa ndani ya meli. Luteni Emile Danco, aliyehusika na vipimo vya sumaku, alifariki tarehe 5 mwezi wa sita kwa ugonjwa wa moyo. Wengine walivimba miguu, wakakosa usingizi, na baadhi wakaanza kuchanganyikiwa. De Gerlache mwenyewe na msaidizi wake Georges Lecointe waliumwa kiasi cha kuandika wosia.

Cook alikumbuka Wainuit. Aliwaamuru wagonjwa wale nyama ya pengwini na ya sili isiyopikwa sana, ingawa kiongozi wa msafara alikuwa ameichukia tangu mwanzo. Aliwaweka pia mbele ya jiko linalowaka, bila nguo, ili wapate joto na mwanga badala ya jua. Wakaanza kupona. Jua liliporudi, Cook ndiye aliyesukuma wenzake wakate njia katika barafu kwa misumeno na baruti. Belgica ilitoka mwezi wa tatu 1899. Mmoja wa waliokuwa ndani alikuwa Roald Amundsen wa Norway, ambaye mwaka 1911 angekuwa wa kwanza kufika Ncha ya Kusini. Hadi mwisho hakumsahau daktari huyo.

Picha ya mlimani

Mwaka 1906 Cook alitangaza kwamba amefika kileleni mwa mlima Denali, Alaska, mrefu kuliko yote Amerika ya Kaskazini. Alionyesha picha ya mwenzake Edward Barrill ameshika bendera juu ya mwamba. Kisha akasema amefika Ncha ya Kaskazini tarehe 21 mwezi wa nne 1908 pamoja na vijana wawili wa Kiinuit, karibu mwaka mmoja kabla ya siku ambayo Peary naye alidai kufika.

Ugomvi kati yao ulijaza magazeti. Barrill aliapa kwamba kilele hawakukifikia. Chuo Kikuu cha Copenhagen kilipochunguza karatasi za Cook, hakikupata uthibitisho wa safari ya Ncha ya Kaskazini. Na mwaka 1910 wapanda mlima wengine waliutafuta ule mwamba wa kwenye picha, wakaupata: kilima kidogo, karibu kilometa 30 kutoka kilele cha kweli. Kamera haikuwa imedanganya, maana mwamba ulikuwepo na Barrill alikuwepo. Uongo ulikuwa katika maneno yaliyoandikwa chini ya picha.

Watu wa mashariki ya Kongo wanaelewa jambo hilo bila kufundishwa. Katika miaka hii ya vita, picha ya nchi nyingine inaweza kuingia kwenye simu asubuhi ikiitwa ya Goma au ya Bukavu, na jioni familia ziko barabarani na mizigo.

Mwaka 1923 mahakama ya Texas ilimhukumu Cook kifungo cha zaidi ya miaka 14 kwa kuwadanganya wanunuzi wa hisa za mafuta ya petroli. Amundsen alikwenda kumtembelea gerezani. Cook aliachiliwa mwaka 1930, akasamehewa na Rais Franklin Roosevelt mwaka 1940, na akafariki miezi michache baadaye, tarehe 5 mwezi wa nane.

Alipokuwa mlimani, hakuwa na shahidi isipokuwa Barrill. Katika Belgica, meli nzima iliona alichokiona. Wenzake waliandika madaftari yao, na yanakubaliana naye. Kwa hiyo picha zake za usiku wa kusini bado zinatumiwa na wanahistoria, wakati ile ya Denali inatajwa kama mfano wa udanganyifu. Hata mwamba wenyewe umepewa jina linalomaanisha kilele cha uongo.