Mwalimu Nyerere na Silaha za Nyuklia

Sisi tukaao Kilosa na Mikumi twaukumbuka mwaka wa 1964, kwa kuwa ndio mwaka Mikumi ilipofanywa hifadhi ya wanyama ya taifa. Mwaka uo huo, mwezi wa Julai, Rais Julius Nyerere alikuwa Cairo pamoja na wakuu wengine wa Afrika, nao wakatangaza kwamba bara letu lisiwe na silaha za nyuklia. Habari hiyo haisimuliwi sana.

Nyerere alizaliwa Butiama mwaka wa 1922, mwana wa mtemi Burito wa Wazanaki. Alisoma Tabora, Makerere na Edinburgh, akafundisha shule, kisha akaiongoza Tanganyika hata ikapata uhuru mwaka wa 1961. Hayo kila mtoto wa shule ayajua.

Hofu ya wakuu wale wa Cairo haikuwa ya bure. Tangu mwaka wa 1960 Wafaransa walikuwa wakijaribu mabomu yao katika jangwa la Sahara, ijapokuwa Waafrika wengi walipinga.

Walakini mwaka wa 1968 lilitokea jambo la kushangaza. Mbele ya Umoja wa Mataifa uliletwa mkataba wa kuzuia silaha hizo zisienee. Mataifa 95 yakaukubali. Manne tu yakaukataa, yaani Albania, Cuba, Zambia na Tanzania yetu. Je, aliyetaka Afrika isiwe na bomu, awezaje kuukataa mkataba wa kulizuia? Sababu ni kwamba mkataba ule uliwagawanya watu mafungu mawili. Dola tano zilizokwisha kulipua mabomu kabla ya mwaka wa 1967 ziliachiwa silaha zao, zikiahidi tu kushauriana juu ya kuziondoa, wala hazikuwekewa siku. Wengine wote walifungwa mikono.

Twakiri kwamba jambo hili latusumbua. Lawama yake ilikuwa ya haki, lakini Afrika Kusini ya ubaguzi nayo ilikaa nje ya mkataba, ikaunda mabomu sita kwa siri, na siri hiyo ikafunuliwa mwaka wa 1993. Sahihi ya Tanzania isingaliwazuia, twajua. Ila si vema kuonekana upande mmoja nao.

Mwalimu hakunyamaza. Mei 1984 aliungana na Indira Gandhi wa India, Olof Palme wa Sweden, na wakuu wa Argentina, Mexico na Ugiriki, wakazisihi dola kubwa ziache kuzijaribu na kuziunda silaha hizo. (India yenyewe ilikwisha kulipua moja mwaka wa 1974.) Oktoba Indira akauawa, Februari 1986 Palme naye akapigwa risasi Stockholm. Nyerere, aliyekwisha kuuacha urais mwaka wa 1985, akaendelea na shauri lile pamoja na waliobaki.

Tanzania iliingia katika mkataba ule Mei 1991. Ahadi ya Cairo ikawa mkataba kamili, uliotiwa sahihi Cairo kulekule Aprili 1996. Mwalimu alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999. Mkataba huo wa Afrika ukapata nguvu ya sheria Julai 2009.