Johannes Kepler na Dakika Nane

Mara nyingi wanafunzi huulizana hesabu zitawafaa nini watakapomaliza shule. Natumaini maisha ya mtu huyu yatawajibu.

Johannes Kepler alizaliwa tarehe 27 Desemba, 1571, katika mji wa Weil der Stadt, Ujerumani. Baba yake alikuwa askari wa kukodiwa, naye aliondoka nyumbani asirudi tena. Mtoto alipatwa na ndui, ikamwachia macho mabovu. Hata hivyo, mwaka 1577 mama yake alimpeleka mahali pa juu akamwonyesha nyota yenye mkia. Kwa fedha za mtawala wa nchi yake alisoma katika Chuo Kikuu cha Tübingen, akapata shahada mwaka 1591. Alitaka kuwa mchungaji, lakini mwaka 1594 alipelekwa Graz kufundisha hesabu.

Mwaka 1600 alifukuzwa Graz kwa kukataa kubadili madhehebu, akaenda Prague kwa Tycho Brahe, bingwa wa kupima nyota bila darubini. Tycho alipofariki mwaka 1601, Kepler alishika kazi yake.

Alikuwa akitafuta njia ya sayari ya Mirihi. Tangu kale wataalamu waliamini kwamba sayari huenda kwa duara. Baada ya kupiga hesabu kwa muda mrefu, Kepler alipata jibu lililotofautiana na vipimo vya Tycho kwa dakika 8 tu. Duara zima lina digrii 360, na kila digrii ina dakika 60. Basi dakika 8 ni kama robo ya upana wa mwezi mpevu. Mwingine angalisema yatosha. Kepler alijua kwamba Tycho hakukosea kiasi kile, akaiacha kazi yake yote akaanza upya. Mwisho aligundua kwamba njia ile ni duaradufu, na kwamba sayari huenda mbio zaidi ikilikaribia jua. Alichapisha hayo mwaka 1609. Mwaka 1619 alitoa kanuni ya kulinganisha umbali wa sayari na muda wake wa kulizunguka jua.

Hakutajirika. Mama yake alishtakiwa kwa uchawi, naye akamtetea mpaka akaachiliwa mwaka 1621. Alifariki tarehe 15 Novemba, 1630, mjini Regensburg, alikokwenda kudai fedha zake. Kaburi lake lilipotea vitani.

Kanuni zake hazikupotea. Tarehe 12 Desemba, 1970, setilaiti iliyoitwa Uhuru ilirushwa kutoka baharini karibu na Malindi, Kenya, nayo ilizunguka dunia kwa kanuni zile zile. Mwenye shahada ya hesabu akiajiriwa kuongoza vyombo vya angani hufanya kama Kepler: hupima chombo kilipo, hukadiria kitakapokuwa, kisha hulinganisha. Tofauti ndogo haidharau, kwani usipoziba ufa utajenga ukuta.

Basi, ndugu zangu, jibu lisipolingana tusilipindishe. Turudi mwanzo.