Bombardier, fundi aliyefungua njia ya theluji

Joseph-Armand Bombardier alizaliwa mwaka 1907 huko Valcourt, Québec, nchini Kanada. Kule theluji inakata barabara sawa vile matope ya mvua yanaikata kwetu Maniema.

Alipofikisha miaka 19 akafungua garaji yake. Mwaka 1934, wakati wa baridi kali, mtoto wake Yvon, wa miaka 2, akashikwa na apandisiti. Barabara ilikuwa imefungwa, na mashine ya theluji ambayo baba alikuwa anajaribu kutengeneza haikuwa tayari. Mtoto akafa bila kufika hospitali.

Baba akarudi kazini. Mwaka 1935 akapata namna: gurudumu la meno lililovikwa mpira, lenye kuzungusha mkanda wa mpira, mashine isizame. Mashine zake zikabeba waganga, wagonjwa na wanafunzi. Mwaka 1959 akatoa Ski-Doo, ndogo sawa pikipiki.

Alikufa mwaka 1964. Yvon hakurudi, ila vijiji vya Québec vilipata njia.