Steere: Askofu aliyejifunza Kiswahili kwa ngano

MWANAFUNZI wa Kibomet, viungani mwa mji wa Kitale, au mwenzake wa Bungoma, aghalabu huzungumza Lubukusu au Kisabaot nyumbani, kisha akakutana na Kiswahili sanifu vitabuni. Ni wachache wanaofahamu kwamba usanifu huo una mkono wa mgeni aliyejifunza lugha hii kwa kusikiliza ngano.

Mgeni huyo ni Edward Steere, aliyezaliwa London mwaka wa 1828. Alisomea sheria kabla ya kuwa kasisi wa Kanisa la Anglikana. Mnamo 1863 alifuatana na Askofu William Tozer kuja Afrika, na mwaka uliofuata wakahamishia misheni yao Unguja.

Huko hakuwa na kamusi iliyochapishwa ya kumwongoza. Kamusi ya Johann Ludwig Krapf, aliyekuwa ameishughulikia lugha hii Mombasa, haikutolewa hadi 1882. Steere aliketi na wenyeji, wakamsimulia hadithi, naye akaziandika. Katika masimulizi alipata kile ambacho orodha ya maneno haingempa: jinsi Mswahili anavyotania, anavyobembeleza na anavyomkwepa adui kwa ulimi.

Mojawapo ni kisa cha kima na papa. Kima alizoea kumtupia papa matunda ya mkuyu. Siku moja papa akamwalika kwao, na walipofika katikati ya bahari akamfichulia kwamba sultani wao anaugua, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima akajibu kwamba wao huiacha mioyo yao mitini. Akarudishwa pwani, akapanda juu, asishuke tena.

Ngano hiyo yenye asili ya India iliwafikia hata Wajapani. Kwao kinachotafutwa ni ini la tumbili, ili kumponya malkia wa baharini. Hivyo, Mkenya anayejifunza Kijapani kwa kusoma ngano za kale za nchi hiyo huenda akakutana na jamaa wa kima wa Unguja, na kisa anachokijua kikamfunulia maneno asiyoyajua.

Mwaka wa 1870, akiwa Uingereza, Steere alichapisha ngano hizo, ukurasa wa Kiswahili ukielekeana na wa Kiingereza. Mwaka huo huo alitoa pia kitabu cha sarufi. Alirejea Unguja 1872, na mnamo 1874 akawekwa wakfu kuwa askofu. Soko la watumwa lilipofungwa 1873, kanisa kuu lilianza kujengwa papo hapo Mkunazini, naye akasimamia ujenzi wake. Alifariki Agosti 1882 na kuzikwa humo.

Kiunguja, lahaja aliyoiandika, ndicho kilichoteuliwa mwaka wa 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Uamuzi huo uliwaudhi watetezi wa Kimvita, lahaja yenye hazina kubwa ya ushairi.

Hata hivyo, sifa zote si za Steere. Jina lake ndilo linalokumbukwa, ilhali wasimulizi waliompa lugha hawatajwi sana. Bila wao hangekuwa na la kuandika.

Wabukusu na Wasabaot nao wana ngano zao, na wapo wazee wanaozijua. Anayetaka kujifunza lugha hizo, au kuzihifadhi, ana pa kuanzia: aketi miguuni pao, asikilize, kisha aandike pia jina la msimulizi.